Jedwali la Ilkka

Kaka yangu Ilkka alituma jedwali kutoka Oulu:
nyumba tatu za wazee, safu kumi na moja,
bei kwa mwezi, idadi ya wauguzi,
ukubwa wa chumba, sauna mara ngapi kwa wiki,
hata supu ilipewa alama.
Safu ya mwisho aliiita "mengineyo", akaiacha wazi.

Baba aliigeuza karatasi,
akatazama kama nyuma kuna kitu.
Miaka thelathini na minne alisambaza barua Kajaani,
anaijua milango ya mji kwa mlio wa vifuniko vyake.
"Haya, twende," akasema. "Lakini kalamu nishike mimi."

Nyumba ya kwanza iling'aa kama jino la bandia.
Mkurugenzi, Bi Sirkka-Liisa, alitutembeza
juu ya zulia lisilotoa sauti,
akafungua mlango wa mtu bila kubisha hodi
atuonyeshe kitanda kinachopanda na kushuka kwa kitufe.
Kitandani alikuwemo mwenyewe, mzee wa watu,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi.
Akatusalimu yeye. Sisi ndio tulioona haya.
Baba hakuuliza kitanda. Aliuliza masanduku ya barua yako wapi.

Yalikuwa karibu na lifti, ishirini na manne, ya shaba.
Akakwangua kwa ukucha pembe ya lebo moja:
chini ya jina, jina; chini ya hilo, jingine,
unene wa kadi ya posta.
Akahesabu kimya kimya, kama ahesabuye chenji
mbele ya muuza duka asiyemwamini.
Akaandika kitu. Sikuonyeshwa.

Ya pili iko msituni, kilomita tisa,
ziwa mbele, hewa safi, ukimya wa kununuliwa.
Ilkka aliipa nyota nne na nusu.
"Duka liko wapi?"
Duka huja Alhamisi, wakamwambia, ndani ya gari.
"Na theluji ikianguka, njia husafishwa saa ngapi?"
Kijana wa mapokezi akatabasamu:
"Kwani mzee utataka kwenda wapi?"
Namjua baba yangu miaka hamsini na miwili;
sijawahi kumwona akifunga vifungo vya koti polepole vile.

Ya tatu inanuka kabichi. Niseme ukweli.
Rangi imebanduka, lifti ina kwikwi,
na muuguzi Nasrin, alitwambia mwenyewe,
usiku hubaki peke yake na ghorofa mbili.
Hilo nililiandika kwa herufi kubwa
na mpaka leo linaninyima usingizi.
Lakini ng'ambo ya barabara kuna maktaba,
na kati ya mlango na maktaba mabenchi matatu.
Baba aliyakalia yote, moja baada ya jingine,
akipima kwa goti lake la kushoto.
Benchi la pili lilikuwa na bibi mmoja, Impi,
aliyemwambia bila kuulizwa
kwamba samaki wa Ijumaa hana chumvi,
kwamba bwana wa chumba cha saba huiba kwenye karata,
kwamba changarawe humwagwa njiani saa moja asubuhi.
"Saa moja?" akasema Baba.
"Saa moja kasoro," akasema Impi.

Masanduku hakuna. Barua huwekwa mezani wakati wa kahawa,
na kila mtu huona nani hakuandikiwa.
Hilo Baba hakulipenda. Alikaa nalo wiki nzima.

Alihamia Novemba, na redio na viatu vya njumu.
Nasrin alimpa kibandiko cha mlangoni;
akaandika jina lake kwa penseli.
"Mbona penseli?"
"Ajaye baada yangu asisumbuke kukwangua."

Jioni ile Ilkka akapiga simu:
je, safu ya mwisho tumeijaza?
Nilikuwa nimesimama kwenye theluji, sina glavu,
natafuta sanduku la posta,
kadi mkononi, anwani yake
dakika kumi na moja kwa miguu.